Thamani isigeuke samani: Siku za kujifunza ekolaiza Gitothua

MTU wa pwani akisimuliwa habari za wimbo mpya, aghalabu haulizi kwanza kuhusu tuni. Huuliza, "Umesema nini?" Taarabu kwetu ni maneno kabla ya kuwa muziki. Udi waweza kulia na fidla ikaliza watu, lakini fumbo lisipofika sikioni, arusi nzima itatawanyika huku watu wakiulizana aliyepigwa kijembe ni nani. Na siku hizi, wasomaji wapenzi, mafumbo mengi hayafiki. Si kwamba watunzi wamekwisha. Ni kwa sababu ya namna sauti zinavyochanganywa studioni.

Jambo hilo ndilo lililonipeleka bara, katika mtaa wa Gitothua ulioko Ruiru, nikakaa wiki 3 mbele ya kompyuta nikifunzwa kutumia chombo kiitwacho ekolaiza.

Ruiru twaijua kwa kupita tu, tukiwa ndani ya gari kuelekea Thika. Wanywaji kahawa huenda wameisikia kwa sababu nyingine: kule ndiko ulikotoka mbuni wa aina ya Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Lakini Gitothua niliyoikuta mimi ni mtaa wa nyumba za kupangisha, pikipiki za abiria, vibanda vya mboga na maduka ya vifaa vya ujenzi. Kati ya nyumba hizo mna vijana walioweka studio katika chumba kimoja, wakirekodi kwaya za makanisa, wapiga mugithi na vijana wa kufoka. Mpwa wangu anayefanya kazi huko ndiye aliyenijulisha kwa mmoja wao, naye ndiye nitakayemwita fundi katika makala haya.

WIMBO ULIOZAMA

Kikundi chetu ni kidogo, na mimi ndiye mtunzi wa maneno. Mwimbaji ni bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Nitamwita Bi Mkubwa, kwani mwenyewe hapendi jina lake litiwe gazetini. Alituimbia nyimbo 4 katika studio moja, kisha maradhi ya kifua yakamzuia. Sauti ile haipatikani tena. Kilichonaswa ndicho kilichopo.

Studio ile ilipotupa nyimbo zimekwisha kuchanganywa, besi ilikuwa ikitikisa meza na kinanda kikimeremeta, lakini Bi Mkubwa alikuwa kama mtu aimbaye ndani ya mtungi. Ubaya zaidi ulikuwa katika wimbo wa kwanza. Humo mke anamjibu mume anayemringia kwa nyumba aliyoijaza makochi na makabati. Fumbo lote limesimama juu ya maneno mawili: mume amwona mke kuwa samani, na mke ataka aonwe thamani. Katika ule mchanganyiko maneno hayo mawili yalisikika kuwa neno moja. Ukiondoa tofauti ya samani na thamani, wimbo hauna maana tena. Imebaki kelele ya ndoa.

Tulichobahatika nacho ni kwamba kila chombo kilikuwa kimenaswa peke yake: sauti, udi, fidla, gitaa la besi, dumbaki na kinanda. Tuliomba kanda hizo mbichi, tukapewa. Ndizo nilizochukua mpaka Gitothua.

VITUFE VYA REDIO

Ekolaiza si mgeni majumbani mwetu. Msomaji anayekumbuka redio za zamani atakumbuka vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha besi na kimoja cha trebo. Ukizungusha cha kwanza, sauti nene huongezeka au hupungua. Ukizungusha cha pili, sauti nyembamba hufanya vivyo hivyo. Hiyo ni ekolaiza, ila ni changa.

Sauti yoyote ni mtetemo wa hewa, na mitetemo huhesabiwa kwa hezi, yaani mara ngapi kwa sekunde moja. Sikio la kijana mzima husikia kuanzia hezi 20 hivi mpaka 20,000. Sisi wazee sehemu ya juu hutupungukia mwaka hata mwaka. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi ni hezi 41. Nyuzi nene za udi huanzia baina ya hezi 65 na 110, kwa kutegemea umefungwa vipi. Uzi mnene wa fidla ni hezi 196. Lakini hakuna uzi wala koo litoalo mtetemo mmoja tu. Juu ya ule wa msingi huja mingine mingi, iliyo maradufu yake, na mara tatu, na zaidi. Hiyo ndiyo inayotufanya tutambue kuwa huu ni udi na ile ni kanuni, hata vikipiga noti moja.

Jina la ekolaiza lina asili katika simu. Waya mrefu wa simu ulikuwa ukipoteza sauti nyembamba zaidi kuliko sauti nene, kwa hivyo wahandisi wakaunda vyombo vya kurudisha kilichopotea, ili mwisho wa waya ulingane na mwanzo wake. Kusawazisha ndiyo maana ya neno hilo. Baadaye vyombo hivyo vikaingia katika filamu, redio na studio za santuri. Mwaka 1972 Mmarekani George Massenburg aliwaeleza wahandisi wenziwe juu ya ekolaiza inayompa fundi hiari tatu: achague ni masafa gani, ayaguse kwa upana gani, na ayapandishe au kuyashusha kwa kiasi gani. Kiasi hicho hupimwa kwa desibeli. Programu za kompyuta za leo, hata zile za bure, zimejengwa juu ya wazo hilohilo.

KUSHUSHA KABLA YA KUPANDISHA

Chumba cha fundi kina urefu wa hatua 4 na upana wa hatua 3. Ukutani amegandisha trei za mayai, na nyuma ya trei ametundika mablanketi mazito. (Trei, kwa maoni yangu na ya fundi pia, ni pambo tu; kazi hufanywa na blanketi, nalo haliwezi kuzuia besi.) Somo la kwanza halikuhusu kompyuta. Alipiga wimbo, akaniambia nisimame pembeni penye kona, kisha nisogee katikati. Konani besi ilikuwa kubwa kama ya ngoma ya ng'ombe. Katikati ikapotea nusu. Wimbo ni uleule na spika ni zilezile.

"Mzee, hiyo ni chumba inakudanganya," alisema. "Kama hujui chumba yako, utapunguza besi mahali haina makosa."

Somo la pili ndilo lililochukua siku nyingi. Wengi wetu chombo kisiposikika husema kipandishwe. Vikipandishwa vyote, tunarudi palepale, na kelele imezidi. Fundi alinionyesha kwamba sauti mbili zinapokutana katika masafa mamoja, iliyo kubwa huifunika ndogo, na sikio halina njia ya kuzitenganisha. Dawa ni kuishusha iliyofunika, pale tu inapofunika, na kuiacha kwingine kote.

Alianza na sauti ya Bi Mkubwa. Chini ya hezi 80 hapana kitu cha mwimbaji mwanamke. Paliposikilizwa peke yake pakasikika ngurumo ya feni na lori lililopita njiani siku ya kurekodi. Yote hayo yakakatwa. Kisha akachagua sehemu nyembamba, akaipandisha sana, akawa anaitembeza pole pole kutoka chini kwenda juu. Ilipofika karibu na hezi 300, ule mtungi ukajitokeza wazi: ni mwangwi wa chumba kidogo cha saruji alimoimbia. Akaigeuza, akaishusha desibeli 4. Bi Mkubwa akatoka mtungini.

Akanionya hapo hapo. Sehemu yoyote ukiipandisha sana itasikika mbaya, hata isiyo na kosa. Mwanafunzi akizoea kuwinda hivyo atakata kila mahali, mwisho sauti ibaki mifupa. Akanikataza pia kuutazama mchoro kwenye kioo. "Funga macho, mzee. Hiyo laini haiimbi."

Jambo jingine alilolishikilia ni ukubwa wa sauti. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba usawa huo hubadilika kwa kadiri ya ukubwa wa sauti. Muziki ukiwa mdogo, besi hutupotea kwanza. Ukiwa mkubwa, besi na trebo huzidi, nasi tukadhani umekuwa mtamu. Kwa hivyo kila badiliko alilifanya kwa sauti ya kiasi cha watu kuzungumza, na kabla ya kusema "hii ni bora" alihakikisha ya zamani na mpya ziko na ukubwa mmoja. Nikienda kuswali Adhuhuri au Alasiri, kompyuta aliizima. Niliporudi alikuwa akisema masikio yangu yamepumzika, basi nitoe hukumu kabla hayajazoea.

HERUFI ZINAKAA JUU

Sasa tufike kwenye samani na thamani, maana hapa ndipo ilipo roho ya jambo.

Irabu zetu, a e i o u, nguvu zake nyingi ziko chini na katikati. Ndizo zinazobeba tuni. Lakini konsonanti nyingi zinazotofautisha neno na neno ziko juu. Mlio wa s hukaa zaidi baina ya hezi 5,000 na 8,000. Th ni pumzi hafifu iliyotawanyika huko huko juu. Simu za zamani zilipitisha hezi 300 mpaka 3,400 tu. Ndiyo maana mtu akikutajia jina geni katika simu, husikii kama ni s au f, ukamwomba alitaje herufi moja moja. Irabu zilifika zote. Konsonanti ziliachwa njiani.

Tulipolinganisha mchanganyiko wa kwanza na kanda mbichi, siri ikafichuka. Aliyechanganya aliudhika na s za Bi Mkubwa, ambazo kwa kweli ni kali, akazikandamiza kwa nguvu. S ikikandamizwa sana husikika kama th, mithili ya mtu mwenye kitembe. Hivyo samani ikawa thamani. Na thamani ya kweli, iliyo hafifu kwa maumbile yake, ikafunikwa na kinanda na vishindo vikavu vya dumbaki.

Fundi alishusha s kwa desibeli 2 tu, kwenye hezi 6,500, na kwa yale maneno yaliyochoma sikio peke yake. Kinanda akakipunguza baina ya hezi 2,000 na 5,000, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko pengine pote. Sauti ya Bi Mkubwa hakuipandisha hata kidogo. Maneno yakatoka.

Yeye hakujua tofauti ya maneno yale mawili mpaka nilipomweleza. Ameyasikia yote kama "samani". Huyu ni fundi hodari, mwenye masikio ya kusikia mlio wa taa ambao mimi siusikii kabisa, lakini hukumu ya herufi haiwezi kutoka kwake. Nadhani hapo ndipo studio nyingi zinapotuharibia, si taarabu tu bali na kaswida pia. Katika kaswida kuna sin, kuna tha, kuna sad, na kila moja ina pahala pake pa kutokea kinywani. Madrasa humfunza mtoto miaka kuzitenga, kisha mtu asiyezijua huzikandamiza zote kwa dakika moja. Kila kikundi kinachorekodi kingemweka pale mtu mmoja ajuaye maneno, akae mpaka mwisho. Gharama yake ni chai.

UGOMVI WETU JUU YA UDI

Hatukukubaliana kwa kila jambo. Fundi amelelewa na mugithi na kwaya, ambamo besi na ngoma ndizo nguzo, na gitaa huchongwa liwe jembamba likae juu yake. Udi aliuona kuwa gitaa. Akakata kila kilicho chini ya hezi 200, akasema, "Sasa inakaa poa, haipigani na besi."

Nikamwambia udi si gitaa la kusindikiza. Mwimbaji akimaliza ubeti, udi humjibu, na mara nyingi humjibu kwa uzi mnene. Nilimpigia kazi za marehemu Zein l'Abdin, ambaye udi wake husema kama mtu wa pili ndani ya wimbo. Nikampigia na Zuhura Swaleh, ambaye kwake tashkota ndiyo yenye makali na kazi imegawanywa kwa namna nyingine kabisa. Alisikiliza kimya, akarudia kipande cha udi mara 3. Kisha akaurudishia udi wetu tumbo lake, akalishusha gitaa la besi baina ya hezi 90 na 150, likabaki na ile sehemu ya chini kabisa. Udi ukisikilizwa peke yake sasa ni mzito mno, na besi peke yake ni kama ina shimo. Vikiwa pamoja, hapana anayemkanyaga mwenziwe. Ni kanuni aliyonifunza yeye mwenyewe siku ya kwanza: chombo hakihukumiwi kikiwa peke yake.

Niseme hapa, kwa vile nimeulizwa na wengi, kwamba ekolaiza haibadilishi tuni. Haiwezi kuusogeza mlio juu wala chini; hubadilisha uzito wake tu. Chombo kinachonyoosha sauti ya mwimbaji ni kingine, ambacho mfano wake uliovuma ulitoka Marekani mwaka 1997 kwa jina la Auto-Tune. Hicho kikiachwa kwenye mizani ya kinanda cha kizungu, huzivuta robo sauti za makamu ya Kiarabu hadi kwenye noti ya jirani, na makamu yenyewe hufa. Kwa Bi Mkubwa sikukubali kiwashwe, na fundi hakubisha.

KANDA ZA WAZEE

Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hakuna aliyeweza kunasa kila chombo peke yake. Ulinganifu ulipatikana kwa kupanga watu: nani akae karibu na nani akae mbali. Ekolaiza ya siku zile ilikuwa hatua za miguu. Baadaye zikaja kaseti, na maduka ya Mombasa kama Mbwana Radio Service yakatujazia majumba nyimbo za arusi na za vikundi. Nasi tukanakili. Kaseti ikinakiliwa kutoka kaseti, kila mara vumo huzidi na sauti za juu hupungua, kwa hivyo aliyepata nakala ya nne alipata tuni nzima na nusu ya maneno. Nadhani nusu ya mabishano ya barazani kuhusu "alisema nini" yalizaliwa hapo.

Leo vijana wanazihamisha kaseti hizo kwenye kompyuta, kazi ya kusifiwa. Lakini wengi hukasirishwa na lile vumo la shhh, wakakata kila kilicho juu ya hezi 4,000. Vumo huondoka kweli. Huondoka pamoja na s, na th, na sh, na ch. Nilipomwonyesha fundi kaseti moja ya nyumbani kwetu, alikata kidogo tu juu kabisa, akaacha vumo lililobaki. Rai yangu ni hiyo hiyo. Sikio huzoea vumo baada ya ubeti mmoja, lakini herufi iliyokatwa hairudi, hasa ikiwa kaseti yenyewe imetupwa.

HUKUMU YA MWENYE SAUTI

Wimbo ulipokamilika tuliupiga kwenye spika za studio, kwenye redio ndogo ya jikoni kwa jirani, ndani ya matatu ya rafiki yake iliyokuwa imeegeshwa, na kwenye simu ya mkononi. Katika matatu besi ilizidi, fundi akapunguza desibeli 1. Kwenye simu besi karibu yote ilikosekana, kwani kispika kile hakiwezi, lakini maneno yalisikika. Akaridhika.

Nilirudi Mombasa kwa treni, wimbo ukiwa kwenye flashi. Nilimkuta Bi Mkubwa amekaa kitandani, tukaupiga kwa redio yake mwenyewe. Mara ya kwanza hakusema kitu. Akaagiza urudiwe. Mara ya pili alikuwa akitingisha kidole kila mwisho wa mshororo, kama mwalimu akihesabu.

"Samani nimeisikia, na thamani nimeisikia," alisema. "Na yule mpiga udi nilikuwa sijui kama anijibu. Lakini ubeti wa tatu, mwanangu, huyo wa dumbaki apishe kidogo. Neno langu la mwisho analipiga kofi."

Nilimpigia fundi usiku ule. Akatafuta, akaona ni kweli: kile kishindo kikavu cha dumbaki kilianguka juu ya konsonanti ile ile. Akashusha desibeli 2 karibu na hezi 3,000, katika ubeti wa tatu peke yake, akanitumia kabla ya Alfajiri. Nyimbo 3 zimebaki, na ya mwisho kati ya hizo ina kanuni na kinanda vinavyopiga pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi ameniomba nimwandikie maneno yote kwa mkono, na nipige mstari chini ya kila herufi isiyofaa kupotea.